Bei ya Kujichapishia: Tovuti za Gharama Nafuu na Nafasi ya Kiswahili Ndani Yake

Historia ya maandishi ya Kiswahili aghalabu huandikwa kama historia ya watunzi na tungo zao. Wasomi wamejadili kwa kina lahaja, bahari za ushairi na maudhui ya riwaya; ni wachache waliojishughulisha na swali ambalo huenda likaonekana la kisokoni mno, yaani ni nani aliyelipia karatasi, wino na mtambo. Hata hivyo swali hilo ndilo lililoamua mara nyingi ni yupi atakayesomwa na ni yupi ambaye maandishi yake yatabaki sandukuni. Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo na kuliuliza kuhusu zama za mtandao: ilikuwaje mtu asiye na mtambo, asiye na mfadhili na asiye na elimu ya ufundi, akaweza kufungua tovuti yake kwa fedha kidogo, na Kiswahili kilipata nini katika mabadiliko hayo?

Kwanza yafaa kurejea nyuma kidogo. Gazeti la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, lilikuwa mali ya misheni. Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni. Katika magazeti yote mawili Mwafrika aliandika, na mara nyingi aliandika vizuri sana, lakini hakuwa mwenye nyumba. Erica Fiah, Mganda aliyekuwa mwenye duka Dar es Salaam, alipoanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, jambo geni halikuwa Kiswahili chake bali umiliki wake. Kadhalika nchini Kenya, Henry Muoria, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alianzisha Mumenyereri kwa Kigikuyu mwaka 1945. Gazeti hilo lilipigwa marufuku wakati wa Hali ya Hatari, naye mwenyewe akabaki London alikokuwa amekwenda mwaka 1952. Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba mwandishi aliyetaka kujichapishia alikabiliwa na milango miwili: mlango wa gharama na mlango wa sheria. Aliyevuka wa kwanza hakuwa na hakika ya kuvuka wa pili.

Milango hiyo haikuondoka pamoja na ukoloni. Sheria ya Kenya ya vitabu na magazeti ya mwaka 1960 ilimtaka mchapishaji wa gazeti aweke dhamana ya shilingi 10,000. Mwaka 2002 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 1,000,000. Watetezi wa badiliko hilo walisema kwamba lengo lilikuwa kuzuia vijigazeti vya uzushi vilivyouzwa barabarani. Huenda sababu hiyo ilikuwa na ukweli wake. Lakini dhamana ya shilingi milioni moja haimtambui mzushi, humtambua maskini tu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika miezi hiyohiyo njia nyingine ya kuchapisha, ambayo haikuhitaji dhamana wala karatasi, ilikuwa inafunguka.

Njia hiyo ilianzia Geneva. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, alipendekeza mfumo wa kuunganisha hati zilizomo katika tarakilishi mbalimbali, na kufikia Agosti 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa imefunguliwa kwa watu wa nje. Lakini tarehe iliyo muhimu zaidi kwa mada hii ni 30 Aprili 1993. Siku hiyo CERN ilitangaza kwamba programu za mfumo huo zilikuwa mali ya umma, na kwamba yeyote angeweza kuzitumia bila kulipa chochote. Lau kama ingeamuliwa vinginevyo, kila tovuti ingalikuwa na kodi yake tangu siku ya kuzaliwa.

Pamoja na hayo, uhuru wa kutumia mfumo si sawa na uwezo wa kuutumia. Anayetaka kufungua tovuti huhitaji mambo matatu, na ni vyema yatenganishwe kwa sababu bei zake zilishuka kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. La kwanza ni kiwanja, yaani nafasi katika tarakilishi iliyowashwa usiku na mchana na kuunganishwa na mtandao. Tarakilishi hiyo huitwa seva. La pili ni jina ambalo wasomaji watalitumia kufika kiwanjani, lijulikanalo siku hizi kama jina la kikoa. La tatu ni nyumba yenyewe, yaani kurasa na programu inayozipanga. Mtu aweza kujenga kwenye kiwanja cha kukodi, aweza kupanga chumba katika nyumba ya mwingine, na aweza hata kukaa bure uani kwa mwenyeji mkarimu. Kila hali ina bei yake, na ile ya bure si lazima iwe ndiyo nafuu kuliko zote, kama itakavyoonekana.

Majina ya vikoa yalitolewa bila malipo mpaka Septemba 1995, wakati kampuni ya Network Solutions ya Marekani ilipoanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Kampuni hiyo ilikuwa peke yake sokoni. Baada ya ICANN kuundwa mwaka 1998 na wauzaji wengine kuruhusiwa mwaka uliofuata, ushindani uliteremsha bei, na hivi leo jina la kawaida hupatikana kwa takriban dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Kenya ilipewa kikoa chake cha .ke mwaka 1993, na usimamizi wake baadaye ukakabidhiwa KENIC, shirika lililoundwa mwaka 2002.

Kiwanja kilishuka bei kwa sababu nyingine. Linus Torvalds alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, na baadaye, mwaka 1995, zilipotokea seva ya Apache, hifadhidata ya MySQL na lugha ya PHP iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, mwenye seva hakulazimika tena kununua programu ya kuiendeshea. Isitoshe, seva moja iliweza kugawanywa baina ya mamia ya wapangaji ambao hawakujuana. Huo ndio msingi wa ukodishaji wa nafasi kwa dola chache kwa mwezi ambao wanaoanza hushauriwa kuutumia hadi leo.

Waliotaka kukaa bure walikwenda GeoCities. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa California mwaka 1994 na David Bohnett pamoja na John Rezner, iliwagawia watu nafasi bila malipo katika mitaa iliyopewa majina kufuatana na mada, nayo ikajilipa kwa matangazo ya biashara. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2009, mitaa hiyo ilifungwa, isipokuwa ile ya Japani iliyodumu hadi 2019. Mamilioni ya kurasa yaliondolewa. Baadhi yaliokolewa na watu wa kujitolea walioyanakili mbio mbio kabla ya siku ya mwisho. Yeyote aliyewahi kuona mtaa wa mabanda ukivunjwa Nairobi kwa sababu ardhi ni ya mtu mwingine hahitaji kuelezwa zaidi. Waliojenga GeoCities hawakudhulumiwa kwa mujibu wa mkataba. Hawakuwa na hati, basi.

Kuhusu nyumba yenyewe, historia ni ndefu zaidi na ina mafunzo mengi. Katika miaka ya mwanzo kila ukurasa uliandikwa kwa mkono kwa lugha ya HTML. Justin Hall, mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore, alikuwa akiandika habari za maisha yake kwa namna hiyo tangu mwaka 1994. Desemba 1997 Jorn Barger aliupa uandishi wa aina hii jina la weblog. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa mzaha, na mzaha huo ukazaa blog. Agosti mwaka huohuo kampuni ndogo ya Pyra Labs ilitoa Blogger, ambayo ilimwezesha mwandishi kujaza fomu, kubonyeza kitufe na kuona maneno yake yakiwa yamepangwa. Hapo ufundi ulitengana na uandishi. Google iliinunua Pyra mwezi Februari 2003, na kwa kuwa huduma hiyo pamoja na nafasi ya Blogspot ilitolewa bure, ndiyo iliyowapokea waandishi wengi wa Afrika Mashariki walipoingia uwanjani.

Wale waliotaka nyumba juu ya kiwanja chao wenyewe walitumia Movable Type, iliyotolewa Oktoba 2001 na Ben na Mena Trott. Ilikuwa programu nzuri, na watu wengi waliizoea kama mali yao. Mei 2004 wenyewe walitangaza masharti mapya: toleo la bure lingekuwa na mipaka ya idadi ya waandishi na ya blogu, na aliyezidi mipaka hiyo alipie. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa kuliko kiasi cha fedha kilichotajwa. Hapo ndipo wengi walipogundua tofauti baina ya kitu cha bure na kitu huru, tofauti ambayo Kiswahili, kwa bahati, huitamka waziwazi.

Wengi wa waliohama walihamia WordPress, na jinsi programu hiyo ilivyozaliwa yastahili kusimuliwa. Michel Valdrighi wa Corsica alikuwa ametunga programu iitwayo b2 mwaka 2001, akaitoa chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuichukua kazi, kuibadilisha na kuigawa maadamu naye ataiacha huru vilevile. Baadaye Valdrighi alikoma kuishughulikia. Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 huko Houston, aliandika kwamba programu aliyoitegemea ilikuwa imeachwa yatima na kwamba alifikiria kuiendeleza. Mike Little, Mwingereza wa Stockport, alimjibu kwamba yu tayari kushirikiana naye. Tarehe 27 Mei 2003 walitoa WordPress ya kwanza. Hapana aliyeombwa ruhusa, wala hapana aliyelipwa. Leseni ilikuwa imekwisha kuyaruhusu yote. Kufikia mwaka 2021 hesabu za W3Techs zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote ziliendeshwa kwa programu hiyo. Muhuri wa usalama, ambao hapo awali wengi waliulipia kila mwaka, nao ulianza kutolewa bure na Let's Encrypt mwishoni mwa 2015.

Je, hayo yote yalimfaa nini mwandishi wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam? Kwa muda mrefu, kidogo sana. Tovuti ikiwa rahisi na njia ya kuifikia ikiwa ghali, gharama haijaondoka bali imehama. Huduma za mtandao za kibiashara zilianza Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, miongoni mwa za mwanzo, ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya waliokuwa wamesoma Marekani. Lakini mawasiliano yote yalipita kwenye setilaiti, kiasi kwamba barua iliyotumwa kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine ilivuka bahari mara mbili kabla ya kufika, na kila hatua ililipiwa kwa fedha za kigeni. Makampuni ya huduma yalipojenga kituo cha kubadilishana mawasiliano humo humo Nairobi, KIXP, mnamo Novemba 2000, kilifungwa baada ya wiki mbili hivi kutokana na malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. EASSy ikafuata mwaka 2010. Mtu akitaka kujua kwa nini blogu nyingi za awali za Kiswahili ziliandikwa na watu waliokuwa ughaibuni, asitafute jibu katika mapenzi ya lugha peke yake. Atazame bei ya saa moja katika mkahawa wa intaneti.

Hata kabla ya blogu, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia mtandaoni kupitia mlango wa wasomi. Mradi wa Kamusi ulianzishwa mwaka 1994 na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, na Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Lakini aliyeugeuza uandishi huu kuwa harakati alikuwa Ndesanjo Macha, mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa akiishi Marekani, ambaye blogu yake ya Jikomboe iliwafundisha wengine kufungua za kwao. Huyu hakuandika tu. Alikuwa kama fundi anayezunguka na sanduku la vifaa. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alifungua blogu yake kwenye Blogspot. Kwa picha za harusi, misiba, viongozi na mitaa, pamoja na maneno machache ya utani, aliwavuta Watanzania wa nyumbani na wa ng'ambo kwa kiasi ambacho magazeti makubwa yalikuwa hayajakifikia mtandaoni. Wahakiki waliokuwa wakisubiri fasihi huenda hawakuliona hilo kuwa jambo la maana. Walikosea. Kwa mtafiti wa rejista, maelezo ya picha ya Michuzi ni hazina ya Kiswahili cha Dar es Salaam ya wakati wake.

Kenya ilifuata njia nyingine, na hapa pana jambo la kuhuzunisha kidogo. Mwaka 2006 Ory Okolloh na Conrad Akunga walifungua Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliijenga Ushahidi kwa siku chache tu, ili wananchi waeleze yaliyotendeka katika sehemu zao. Programu yake ilitumiwa baadaye katika nchi nyingi, Haiti miongoni mwao baada ya tetemeko la mwaka 2010. Majina yote mawili ni ya Kiswahili fasaha. Nyuma ya majina, lugha iliyotawala ilikuwa Kiingereza. Kiswahili kilitundikwa mlangoni kama kibao, na wenye nyumba wakaendelea kuzungumza lugha nyingine ndani. Haiwezekani kudai kwamba gharama ndiyo iliyosababisha hali hiyo, kwa kuwa kuandika sentensi ya Kiswahili hakukuwa ghali kuliko kuandika ya Kiingereza. Sababu iko katika shule, na katika dhana ya Mkenya aliyeelimika kuhusu lugha ya mambo mazito.

Kwa hakika, kwa upande wa hati, Kiswahili kilikuwa na nafuu ambayo haijasisitizwa vya kutosha. Mfumo wa awali wa kuwakilisha herufi, ASCII, ulitungwa Marekani mwaka 1963 kwa ajili ya Kiingereza. Tahajia sanifu ya Kiswahili haina alama juu wala chini ya herufi. Ng' huhitaji kiritifu tu, ambacho kimo katika kila kibodi. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia mtandaoni bila kulipa ushuru wowote wa herufi. Kigikuyu, chenye ĩ na ũ, hakikuwa na bahati hiyo: waandishi wake wengi waliziacha alama hizo, na kwa kuziacha wakachanganya irabu ambazo ni fonimu tofauti. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliondoa tatizo hilo kinadharia, lakini kibodi ya mkahawani haikubadilika. Na Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa ndicho Kiswahili cha kuandikwa, kilibaki nje kabisa katika miaka hiyo ya mwanzo. Nafuu ya herufi, basi, ilikuwa matunda ya usanifishaji wa wakati wa ukoloni, jambo ambalo wanaoupinga na wanaousifu usanifishaji huo hawana budi kulitia katika hesabu zao.

Upande wa istilahi nao ulikuwa na pirikapirika. Kwa chombo kimoja Kenya na Tanzania zilipata kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kwa blog, waandishi wa mwanzo walijaribu gazeti tando, istilahi iliyoutaja utando na kuunganisha uandishi mpya na desturi ya magazeti. Lakini blogu, neno la kukopa lenye silabi mbili, lilishinda. Tovuti na kivinjari yalikubalika vizuri zaidi. La pili lina uzuri wake, kwa maana kuvinjari ni kuzunguka huku na huko kwa kupeleleza, kama chombo kinavyofanya baharini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili, na kwamba hilo liliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa huru kutafsiriwa.

Mlango wa pili ulirejea baada ya wa kwanza kufunguka. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu apate leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000. Jumla takriban dola 900 kwa mwaka wa kwanza. Wakati huohuo jina la kikoa na kiwanja cha kukodi kwa mwaka mzima vilipatikana kwa chini ya dola 100. Yaani kibali kilikuwa ghali mara tisa au kumi kuliko chombo. Mahakama Kuu huko Mtwara ilizisimamisha kanuni hizo mwanzoni mwa Mei, lakini kesi ikatupiliwa mbali kabla mwezi haujaisha, na baadhi ya wenye blogu wakafunga milango. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020. Serikali ilieleza kwamba ilitaka kuzuia uzushi na kulinda maadili. Msomaji atakumbuka kwamba hiyo ndiyo sababu iliyotolewa Nairobi mwaka 2002.

Limebaki suala la kumbukumbu, ambalo ni zito kwa idara za lugha kuliko linavyoonekana. Gazeti la Mambo Leo limekwisha, lakini nakala zake bado husomwa maktabani, kwa kuwa karatasi hailipiwi kila mwaka. Jina la kikoa hulipiwa. Mwenye blogu akifariki, akichoka au akisahau, jina hurudi sokoni na kiwanja hupewa mwingine. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, hunakili kurasa na tangu 2001 imewaruhusu watu kuzitazama; lakini hainakili kila kitu, na kwa kawaida hutafutwa kwa anwani. Mtafiti anayetaka kuiona blogu ya Kiswahili ya mwaka 2005 sharti awe anaijua anwani yake, na anwani nyingi za wakati huo zimo vichwani mwa watu walioziandika, au katika orodha za viungo pembeni mwa blogu nyingine ambazo nazo zimekwisha kutoweka.